Mkoba Mtupu Stendi ya Masasi

Dirishani kwa mkata tiketi, mbele yangu alisimama mama mmoja aendaye Newala. Begani alitundika mkoba mpya wa kitambaa, wenye shanga na nyuzi zinazoning'inia, kama wa wasichana wa mjini. Alipoombwa nauli hakuugusa. Alifungua pindo la kanga, akatoa noti.

"Sasa mama, huo mkoba wa nini?" mkata tiketi akacheka.

"Kaniletea binti yangu toka Dar. Kasema niubebe kila siku."

"Mbona umenywea, hauna kitu?"

Mama akaupakata, kiganja kwa chini, kama ashikwavyo mtoto mchanga. "Yumo binti yangu."

Nami nikaupapasa wangu. Umejaa hadi zipu haifungi, ila mtu hayumo.