Nimepiga Hodi Vitani

Jamani, leo nimepiga hodi katikati ya vita, na vita vikasimama! 😂

Binti yangu Neema, miaka kumi, yuko kwenye kikundi cha watoto huku ughaibuni wanaovaa deraya na kofia za chuma, wanapigana kwa panga za sponji kama askari wa Ulaya ya kale.

Mimi leo nilikuwa na mtihani wa usimamizi wa usalama wao. Mara ya kwanza nilifeli. Eti nina sauti ndogo. Mimi!

Kazi yenyewe ni kuangalia. Ukiona hatari, unapaza sauti kwa Kiingereza "Hold!", yaani simama, na kila mtoto anaganda pale alipo.

Basi, watoto wanatwangana, mara naona mkanda wa kofia ya Neema umefunguka. Kofia imemfunika macho, na mwenzake ameshainua upanga.

Nikavuta pumzi. Nadhani nilisikika mpaka mtaa wa Crescent Town:

"HODIIII!"

Ukumbi mzima ukaganda.

Na kutoka ndani ya ile kofia, Neema, ambaye kila nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, akaitika:

"Karibuuu!"

Mtahini akaniuliza hiyo ni lugha gani. Nikamwambia ni Kiswahili, na kwamba badala ya "Hold" nimebisha mlango, huku nataka ardhi inimeze. Akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akanisainia.

NIMEFAULU! Pongezi nazipokea hapo chini, pilau mje nayo wenyewe.

Kwenye gari nikamuuliza Neema, imekuwaje leo umeitika Kiswahili?

Akanishangaa.

"Mama, si umepiga hodi?"