Dungusi Zangu Kwenye Mpaka wa Shemeji

Mume wangu alipofariki, kaka yake mkubwa alianza kuniita mgeni. Migomba ya kibanja chetu, shamba la kijijini Kishanda, nimeipalilia mimi tangu niolewe, na kahawa nimeichuma mimi. Lakini kwa kuwa sikujaliwa mtoto, shemeji alisema ardhi ya baba yake irudi kwenye ukoo na mimi nirudi kwetu Kashai, mjini Bukoba. Nilimwambia sitoki. Kuanzia hapo hatukusalimiana, na kwa sisi Wahaya hiyo tayari ni vita.

Kilichonipa pumzi ni dungusi, mimea ya miiba inayopenda ukame. Nilianza na moja niliyopewa Kashai, ikazaa, nikapandikiza watoto wake kwenye makopo ya rangi kwa udongo uliochanganywa na mchanga wa ziwani. Baadaye nikapata nyingine, za mviringo na za bapa, na mmea mmoja mrefu wenye pembe na miiba, ambao utomvu wake mweupe unaunguza kuliko pilipili. Ni mimea yenye hasira, na mimi nina hasira, kwa hiyo tulielewana.

Adui yao ni maji. Masika ya kwetu hayana adabu, na mimea ile ikinyeshewa mfululizo mizizi inaoza na kunuka. Kila masika nilizibeba moja moja kwa gunia lililokunjwa, nikazipanga stoo juu ya kichanja cha kahawa, na sikuzipa hata tone mpaka mvua ziishe. Majirani walisema nafuga uchawi ndani. Niliwaacha waseme.

Mwaka mmoja mvua zilipokatika nikazitoa nje. Mmea uliokaa gizani ukiuanika ghafla unaungua, unahitaji kwanza kivuli cha nusu siku. Kivuli hicho nilikipata chini ya mstari wa miti ya mulamula uliotenganisha kibanja changu na cha shemeji. Nikayapanga makopo pale, nikaenda kufagia. Kwetu mulamula ndiyo mpaka wenyewe, na anayeotesha kitu shinani mwake anahesabiwa kuwa anahamisha ardhi. Mimi nilikuwa nawaza jua tu.

Nilisikia bati likilia. Shemeji alikuwa anakata kwa panga, kopo baada ya kopo, dungusi zikipasuka kama mapapai na vipande vikiruka hadi kwenye migomba. Nilishika jembe nikamkimbilia. Nilitaka kumpasua kichwa, sitaficha. Aligeuka akalipunga panga, likanichana mkono, damu ikatiririka hadi vidoleni.

"Unahamisha mpaka wa baba yangu," alisema. "Leo utaondoka, au utazikwa hapa."

Kisha akaugeukia mmea ule mrefu, akaukata kwa nguvu zake zote. Utomvu ukamrukia machoni. Akaangusha panga, akapiga magoti, akawa anajisugua na kulia kama ng'ombe anayechinjwa. Kusugua kulizidisha moto. Mkewe alikuwa mnadani, na hapakuwa na mtu karibu. Nilijua utomvu ule ukiachwa unapofusha. Nilijua pia kwamba kipofu hawezi kunifukuza.

Nikatupa jembe. Nikamshika ukosi, nikamburuta hadi kwenye pipa la maji ya mvua, nikamzamisha kichwa. Alidhani namuua. Alinipiga teke, akaning'ata kidole, nikamzaba kibao na kumrudisha majini. Nikamfumbua kope kwa vidole vyenye damu, nikammwagia maji kata baada ya kata hadi mikono ikafa ganzi. Chuki haikuniisha hata nilipokuwa namwosha.

Hatimaye macho yakafunguka, mekundu. Akauangalia mkono wangu.

"Kwa nini hukuniacha?" aliuliza.

Nilimkokota mpaka kwenye mstari, katikati ya bati na miiba.

"Nataka uone, shemeji. Mulamula ipo palepale alipoipanda baba mkwe. Na mimi nipo palepale aliponiweka mume wangu. Umeona?"

Alisimama akichuruzika machozi.

"Nimeona," alisema, akaenda zake.

Panga lake lilibaki chini, na hakurudi kulichukua. Nililinoa, na ndilo ninalokatia ndizi za kibanja hiki mpaka leo.