Karatasi Aliyoifumbata Dada Ason

Nilikuwa namwaga maji ya mchele nje ya jiko jirani yetu Lagring alipokuja mbio, ndala mguu mmoja. "Kaka Imo! Crispulo kamcharanga dada yako, pale zahanati!" Nikamuuliza kama yu hai. Akafunika uso kwa sketi.

Dada yangu Visitacion, tuliyemwita Ason, alipima watoto uzito kwenye zahanati ya kijiji chetu, kisiwani Samar, Ufilipino, kwa miaka ishirini na miwili, kwa kujitolea. Ulimi wake ulikuwa wembe. Akiletewa mtoto aliyekonda humuuliza mama, "Huyu unamlisha wali, au unamwimbia tu?" Kisha humpa mayai ya kuku wake mwenyewe.

Na kuimba ndiko kulikotuponza. Sikukuu ya mtakatifu wetu, Crispulo, mdogo wake mwenyekiti wa kijiji, alileta mashine yake ya karaoke uwanjani. Soketi ya karibu ilikuwa ya zahanati, ya friji ya chanjo. Akaichomoa. Siku mbili tuliimba. Ason aliimba, mimi niliimba, nesi Delia alicheza. Kisha friji ikachomekwa tena, na chanjo zilizopata joto hazikutupwa.

Baada ya wiki tatu mbwa alimng'ata shavuni Analyn, binti wa Lagring, miaka saba. Alichomwa sindano zote za kichaa cha mbwa kwa tarehe zake, kutoka friji ile ile. Akafa amefungwa kamba kitandani, akipiga mayowe kila akiona kikombe cha maji, ulimi ameutafuna mwenyewe.

Mkaguzi wa mjini alipoleta karatasi za kupima huduma, sote tuliweka alama tano juu ya tano. Nesi Delia ndiye mama wa ubatizo wa nusu ya watoto wetu. Nani angekuwa na uso wa kumnyima? Mimi pia niliweka tano. Ason peke yake aliandika habari ya friji, nani aliichomoa, na kwamba sote tuliimba. Hakuificha. Aliwasomea wanawake kwenye foleni kabla ya kuipeleka.

Asubuhi iliyofuata Crispulo akaja na panga. Lagring alisikia yote.

"Lete hiyo karatasi, bibi mdomo."

"Kachague wimbo mwingine, Crispulo. Hii ni ya Analyn."

Pigo la kwanza lilipasua bega. La pili lilikata vidole viwili, maana alikuwa ameifumbata kifuani. La tatu lilikuwa la shingo. Watu wa foleni wakamvamia Crispulo kwa benchi na mawe hadi taya ikavunjika.

Nilimkuta Crispulo chini, anakoroma damu. Nikaliokota panga lake. Mungu anisamehe, nililitupa, lakini si kwa huruma. Nilihitaji mikono miwili kuitoa karatasi mkononi mwa dada yangu.

Niliipeleka mjini mwenyewe, imekakamaa kwa damu. Mkaguzi aliisoma amesimama, akaigonga muhuri. Kesho yake chanjo zote zilichukuliwa zikateketezwa.

Tulimzika Jumamosi. Vile vidole viwili tuliviweka pembeni yake, ndani ya leso. Lagring alikata uzi wa rozari mikononi mwa Ason, ili kifo kisitufuate nyumbani. Watoto aliowapima walivushwa juu ya jeneza, mmoja mmoja, mkono kwa mkono, ili roho yake isiwasumbue. Nesi Delia alisimama nje ya lango. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemwita. Tukasali Baba Yetu. Kila mtu akatupa konzi ya udongo, nami nikatupa ya mwisho.