Niliifundisha simu kutambua spea, Mzee Mapunda akapoteza kazi

Habari za jioni wakuu. Hili limenikuta mwenyewe, sijasimuliwa na mtu, na sitalipamba.

Naishi peke yangu, chumba kimoja Mchafukoge, hapa Dar. Natengeneza programu za kompyuta kwa wateja nisiowaona. Wiki inaweza kuisha sijaongea na mtu zaidi ya muuza chapati.

Aliyekuwa ananiuliza nimeamkaje ni mmoja tu, Mzee Mapunda. Jirani yangu wa mlango wa pili, Mngoni wa Songea, muuzaji kwenye duka la spea za magari, mtaa wa Gerezani.

Macho yake yakaanza kufifia. Akawa anaogopa bosi wake atagundua.

Nikamwambia, "Mzee, nitakutengenezea kitu. Unaelekeza simu kwenye spea, inakutajia jina."

Kwa wasioijua deep learning: huiandikii kompyuta kanuni kwamba beringi iko hivi. Unaionyesha maelfu ya picha zenye majina. Inakisia, inakosea, inajirekebisha. Ndani ina tabaka nyingi. Za mwanzo zinaona mistari na kingo, zinazofuata maumbo, za mwisho kitu kizima. Hizo tabaka nyingi ndiyo "deep" yenyewe, yaani kina.

Nikaanza na picha safi za mtandaoni. Nyumbani model, yaani programu iliyojifunza, ikapatia. Dukani ikachemka, maana haijawahi kuona spea yenye grisi.

Basi nikawa nashinda dukani. Mzee anaipapasa spea, ananitajia jina na gari lake, mimi napiga picha. Mchana tunakula ugali sahani moja.

Miezi mitatu hiyo, wakuu, sijawahi kuwa na furaha kama ile tangu nije Dar.

Ikakubali. Bosi akaiona, akaijaribu, akaomba nimwekee kwenye simu yake. Nikamwekea palepale, najiona fundi.

Jumatatu akamwambia Mzee, "Mzee wangu, kapumzike sasa. Simu inajua kila kitu."

Siku anaondoka kurudi Songea nilimbebea begi mpaka stendi. Nikamwambia, "Nisamehe mzee."

Akanijibu taratibu, "Najua ulitaka kunisaidia. Ila ungeniuliza kabla ya kumpa."

Chumba chake kina mpangaji mwingine. Hatusalimiani.

Nilichojifunza: kile simu inachokijua kilitoka kwenye vidole vya mtu. Kabla hujakigawa, muulize mwenyewe. Mimi sikuuliza.

Namba yake ninayo, sijapiga mpaka leo. Aliyewahi kumkosea mtu huku anamsaidia, ulianzaje kuongea naye tena? Niandikieni, nasoma yote.