Mwaka Niliojifunza Kupiga Chupa

Nilikuwa na miaka arobaini na miwili niliposikia muziki wa miaka ya sitini kwa mara ya kwanza, nikiwa nimesimama juu ya stuli, tepu shingoni na penseli mdomoni, katika sebule ya mtu mtaani Elgon View. Mimi ni fundi wa mapazia. Duka langu liko mjini Eldoret, juu ya muuza mbegu na dawa za ng'ombe, na kazi hii hunipeleka katika nyumba ambazo nisingeingia kwa njia nyingine.

Mwenye nyumba alikuwa mama mzee, mwalimu mkuu mstaafu, mjane. Alitaka mapazia ya nyumba nzima yabadilishwe kwa sababu, kama alivyosema, yale ya zamani aliyachagua marehemu mumewe na yeye alikuwa ameyavumilia vya kutosha. Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliniacha na madirisha yangu, akaenda kwenye kona, akaweka santuri.

Kwanza gita, kavu, bila umeme, nyuzi zikidonolewa kama kuku anavyodonoa mahindi kwenye bati. Kisha gita ya pili ikaingia. Kisha wanaume wawili wakaanza kuimba, na penseli ikanitoka mdomoni, kwa maana walikuwa wanaimba Kimaragoli. Lugha ya nyumbani kwetu, lugha ambayo nilikuwa nimeisikia ikiimbwa kanisani na matangani tu. Wimbo ulihusu kijana aliyekwenda kuposa na baiskeli ya kuazima, na kabla hajamaliza kula kuku wa wakwe, mwenye baiskeli akatokea langoni kuidai. Nilicheka mpaka ikabidi nishike ukuta.

Mtu anaweza kushangaa nilifikaje umri huo bila kuusikia muziki huo. Baba yangu alikuwa mhubiri. Redio ya kwetu ilikaa kabatini, imefunikwa kitambaa cha kusuka, na ilikuwa na kazi mbili: habari na matangazo ya vifo. Jina la marehemu wa mwisho likishasomwa, mkono wa baba ulikuwa tayari kwenye kitufe. Nikaolewa na mtu wa kanisa, tukahamia Eldoret kutafuta maisha, na redio ya dukani ikawa ya nyimbo za injili. Sikuona kama nimekosa chochote.

Lakini chini ya zile gita kulikuwa na sauti nyingine, ndogo, isiyochoka: tiki-tiki, kwara, tiki-tiki, kwara. Ndiyo iliyokuwa inavuta kila kitu mbele.

"Mama," nikauliza, "hiyo inayokwaruza ni nini?"

"Ipi?"

"Hiyo ya chini. Kama panya anakula kabati."

Aliinua sindano ya gramafoni. Akanitazama kwa muda, vile mwalimu humtazama mwanafunzi ambaye hakutarajia swali kutoka kwake.

"Hiyo ni mimi," akasema.

Nikashuka kwenye stuli.

Alinieleza bila kujipamba. Wakati huo alikuwa bado chuo cha ualimu, na mumewe alikuwa mchumba tu. Mumewe na mdogo wa mumewe ndio waliokuwa wanapiga gita. Mtu wa tatu alikuwa wa kukwaruza chupa ya soda kwa msumari, kwa sababu ngoma haikuwepo na chupa haikosekani. Siku waliyoitwa Nairobi kurekodi, mtu wa chupa hakutokea. Mama mwenyewe alikuwa ameenda tu kumpelekea mchumba wake koti. Wakamtia chupa mkononi. Walirekodi nyimbo mbili kabla ya saa ya chakula cha mchana.

"Na baadaye?"

"Baadaye nikapewa darasa. Halafu nikapewa shule. Umeona wapi mwalimu mkuu akikwaruza chupa?"

Sijui ni nini kilichonishika. Nilikuwa na oda za watu watatu zinanisubiri, na gari la kitambaa lilikuwa linaingia kesho yake. Nikamwambia, "Nifundishe."

"Nikufundishe kukwaruza chupa? Wewe mtu mzima, una duka?"

"Jumamosi nakuja kupima vyumba vya kulala. Nikimaliza, nifundishe."

Alirudisha santuri kwenye karatasi yake polepole. "Chupa utatafuta mwenyewe," akasema. "Na si chupa yoyote. Iwe na migongo, msumari upate pa kukwaruza."

Hapo ndipo nilipojua dunia imebadilika. Soda siku hizi ni plastiki, na chupa za kioo zilizobaki ni laini kama yai. Nilizunguka maduka ya jumla mjini. Kijana mmoja wa dipoti ya soda aliniuliza kama natafuta chupa ya kutilia maji ya maombi. Mwishowe mteja wangu akaniambia kuhusu mama mmoja wa Turbo aliyekuwa na hoteli zamani. Nikaenda. Hoteli ilikuwa imefungwa miaka mingi, na kreti za chupa alikuwa amezipanga nyuma ya nyumba ziwe ngazi za kuku kupandia bandani. Nikachagua moja yenye migongo mizuri, nikaiosha kinyesi kwa mchanga na maji ya moto. Nikamshonea pindo la pazia lake pale pale kwa mkono, tukaachana marafiki.

Kujifunza ndiko kulikokuwa kugumu. Nilidhani kukwaruza ni kukwaruza. Mama alikaa kwenye kiti chake, mikono juu ya mapaja, akinisikiliza bila huruma.

"Unaharakisha," alisema. "Unapiga kama mtu anayefukuza kuku."

Nikipunguza: "Sasa umelala."

Nikipatia mistari miwili, wa tatu unanikimbia. Kifundo cha mkono kikavimba mpaka nikawa nashika mkasi kwa taabu. Nyumbani nilipigia chupa jikoni, mlango umefungwa, na bado binti yangu aliyekuwa nyumbani kwa likizo ya chuo alisema, "Mathe, hizi si ni ngoma za kina guka?" Nikamwambia ndiyo, na mababu hao walikuwa wanajua kitu.

Mume wangu ni shemasi. Alingoja mpaka tumemaliza chai ya jioni moja, akaweka kikombe chini.

"Mama watoto, hii kitu inatusaidia nini?"

Nilifikiria jibu la kweli. "Bado sijui," nikamwambia. "Lakini siachi."

Na sikuacha. Kila Jumamosi nilikuwa Elgon View. Mapazia yalikwisha kutundikwa, sababu ya kwenda ikaisha, nikaendelea kwenda. Mama alinichezea santuri zote alizokuwa nazo, za gita kavu na za bendi za mjini zenye tarumbeta, na zile za twisti ambazo alisema ziliharibu viatu vya kizazi kizima. Nilisikiliza kama mtu aliyekuja mji mgeni na anataka kujua kila kichochoro. Nilijifunza kutofautisha kidole gumba na kidole cha shahada kwenye nyuzi, kipi kinatembea na kipi kinazungumza. Mdundo tu ndio ulionikatalia.

Ulinijia dukani, siku stima ilipopotea na mashine za umeme zikasimama. Kulikuwa na mvua ya Julai, baridi ile ya Eldoret inayoingia mifupani, na mapazia ya shule moja yalikuwa lazima yatoke jioni hiyo. Nikavuta cherehani yangu ya zamani ya miguu kutoka nyuma ya mlango. Nikakanyaga. Mguu ukaenda, ukarudi, ukaenda, mkono unasukuma kitambaa, na sikuwa nafikiria kitu. Nikasimama ghafla. Mguu wangu ulikuwa umekanyaga hivyo miaka ishirini bila kuharakisha wala kulala. Nikatoa chupa kwenye mkoba, nikakanyaga tena bila uzi, nikaacha mkono ufuate mguu. Tiki-tiki, kwara. Muuza mbegu alipanda ngazi kuona kama kuna kitu kimeharibika.

Jumamosi hiyo nilimpigia Mama wimbo wa baiskeli wote, mguu wangu ukikanyaga zulia lake. Aliitikia kwa kichwa mara moja. Kisha akasema, "Sasa unahitaji gita."

Shemeji yake, yule mdogo wa mumewe, alikuwa hai. Alikuwa mkulima huko Cheptiret, anafuga na kulima mahindi. Tangu amzike kaka yake hakuwa ameshika gita.

"Nitaenda kumwomba," nikasema.

"Usiende. Atakataa. Mimi mwenyewe alinikatalia."

Nilienda. Mume wangu alinipeleka kwa pikapu Jumapili baada ya ibada, na alinieleza wazi kwamba ananipeleka nikataliwe, jambo hili liishe. Tulimkuta mzee kwenye kibanda chake akichambua mahindi ya mbegu, mrefu, kofia ya sufu kichwani. Alitupa viti, akaagiza maziwa ya mala, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Hapana, mama," akasema kwa upole. "Nyimbo zile ni za gita mbili. Moja ilizikwa."

Mume wangu akachukua funguo. Mimi sikuinuka. Nikatoa chupa, nikaanza kupiga, nikaimba wimbo wa baiskeli kwa sauti yangu ya kanisani. Mzee aliendelea kuchambua mahindi. Ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili. Halafu vidole vyake vikasimama.

"Hapo umekosa."

"Wapi, Mzee?"

"Hapo mwenye baiskeli akitokea. Unapita mbio. Simama kidogo. Jamaa anatafuna, hajamwona. Wacha watu wamwone kwanza."

Nikarudia. Nikasimama. Mume wangu, mlangoni, akacheka kabla hajajizuia.

"Gita haina nyuzi," mzee akasema, kama mtu anayefunga mlango taratibu.

"Jumapili ijayo nitakuletea," nikamjibu.

Nilimletea. Mume wangu ndiye aliyezinunua mjini, bila kuambiwa, na hatujawahi kulizungumzia.

Mama alipotimiza miaka themanini, watoto wake walimfanyia ibada ya shukrani nyumbani. Hema lilijaa uwanja: mchungaji, majirani, wanafunzi wake wa zamani ambao sasa ni madaktari na mawakili wenye vipara. Mzee alikuja na gita imefungwa kwenye blanketi. Baada ya hotuba nyingi kuliko zilizohitajika, mshereheshaji akatangaza kwamba kuna "kaburudisho kadogo".

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mzee. Alianza, nikaingia, na kwenye mstari wa tatu nikapotea kabisa, msumari ukateleza, nikanyamaza. Gita ikanyamaza pia. Nilimwona mume wangu akitazama viatu vyake.

Nilivua kiatu changu cha kulia, nikaweka unyayo kwenye nyasi.

"Tuanze tena, Mzee," nikasema.

"Tuanze."

Mara hii mguu uliongoza. Wimbo ukasimama imara, ukatembea. Wazee wa mbele wakaanza kuutambua, mmoja akapiga yowe, mwanamke mwenye fimbo akaipa mjukuu wake na kuanza kuzungusha kiuno kwa twisti polepole, kama anafungua kifuniko kigumu. Ndipo Mama akainuka kutoka meza kuu. Alikuja moja kwa moja kwetu, na uso ule wa ofisi ya mwalimu mkuu, akanyoosha mkono. Nilifikiri anataka kunizuia, nimeharibu siku yake.

"Lete," akasema.

Nilimpa chupa. Mkono wake haukukosa pigo hata moja. Alisimama mbele ya watu aliowachapa viboko na kuwafundisha hesabu, amevaa suti ya shukrani na ua begani, akakwaruza chupa ya soda, na mawakili wale wakasahau vipara vyao wakashangilia kama wako gwarideni shuleni.

Nikabaki mikono mitupu. Mzee alikuwa anaimba peke yake, na kila mwisho wa mstari kulikuwa na pengo ambapo kaka yake alikuwa akijibu. Nilikuwa nimesikiliza santuri ile kiasi cha kujua kila jibu. Nilijibu. Mzee aliinua macho mara moja, akayarudisha kwenye nyuzi, na tukamfikisha yule kijana wa wimbo mpaka langoni kwa wakwe, akiwa bila baiskeli.

Baadaye mchungaji alikuja kunisalimia. Nilijiandaa kukemewa. Aliuliza tu kama wimbo ule unaweza kupigwa kwenye harusi ya dada yake.

Sasa tunakutana Cheptiret, Jumapili alasiri, sisi watatu, na mume wangu anakaa kwenye pikapu na mlango wazi. Mkono wa Mama hauwezi nyimbo nyingi, kwa hiyo tunapokezana chupa. Wiki chache zilizopita mzee aliniwekea gita mapajani bila kuuliza kama nataka. Ncha za vidole vyangu zimepasuka, na nikisukuma sindano kwenye kitambaa kizito nauma meno. Kuna mahali katika wimbo wa pili wa santuri ile ambapo kidole gumba kinapaswa kushuka huku kile cha shahada kinapanda, na bado vinashuka vyote pamoja. Mzee anasema yeye ilimchukua msimu mzima wa mahindi. Na ya msimu huu tumeyapalilia mara ya kwanza tu.