Kahawa ya Mvuke Niliyoipeleka Handeni

Niliondoka Ngombezi kwa sababu ya barua. Iliandikwa kwa herufi za Kiarabu na mwalimu wa chuo cha Handeni, lakini maneno yalikuwa ya dada yangu Mwanahawa: "Baba hajiwezi tangu mwezi uandame. Anasema ile kahawa ya mvuke uliyomwandikia kutoka Ulaya ni uongo, hasadiki mpaka aione kwa macho yake. Njoo nayo."

Nilikaa Berlin miaka mitatu, nikiwasomesha Wajerumani Kiswahili katika chuo kikuu, na saa zilizobaki nikikaa benchi la nyuma kusikiliza masomo ya moto, maji na hewa. Baba hakutaka niende. Tuliachana bila kupeana mkono. Wakati wa kurudi, meli ilisimama Napoli, na huko nikaona dukani mtungi mkubwa wa shaba uliotoa kahawa kwa nguvu ya mvuke. Wataliani huiita espresso. Nilimwandikia baba habari hiyo kwa sababu sikuwa na jingine la kumwandikia. Nikanunua na mashine ndogo ya namna ile, ya kuwekwa juu ya taa ya spiriti. Nilipofika nchini sikwenda Handeni. Nilipata kazi ya ukarani katika shamba la mkonge la Ngombezi, miezi minne ikapita.

Asubuhi ya barua, mtu mwingine angefunga mzigo akaondoka. Mimi nilijiambia: kama anasema ni uongo, nitampelekea ushahidi usio na kasoro. Mashine sikuwa nimeijaribu hata mara moja. Nikaenda jikoni kwa Yohana, Mshambaa aliyempikia bwana shamba.

"Kahawa ipo tayari, Bwana Msomi," alisema. "Ya nini kuisumbua?"

Nikamweleza. Kahawa ya kawaida unaitia maji ya moto, au unaichemsha, kisha unangoja; ladha inatoka yenyewe, polepole. Hii haingoji. Maji yanafungiwa, mvuke unayasukuma yapenye kwa nguvu katika unga ulioshindiliwa, na kabla hujamaliza Baba Yetu kikombe kimejaa.

"Kikombe gani? Hicho cha kunyweshea vifaranga?"

"Kidogo, lakini nzito."

"Na mtu wa pili atakunywa nini?"

"Unaanza upya."

"Basi hiyo ni kahawa ya mtu asiye na wageni," alisema, akanipa kahawa aliyokwisha kuisaga.

Ilikuwa chenga, ya kuchujwa kwa kitambaa. Maji yalipita mbio, yakatoka na rangi ya chai ya mgonjwa. Nikaona dawa ni kutwanga kama tunavyotwanga kwetu, mpaka iwe vumbi, na tangawizi ndani yake. Katika dele, birika letu la kahawa, vumbi halina madhara. Linachemka, linatua chini, unamimina juu. Ndani ya mashine liliganda kama udongo wa kukandikia nyumba. Maji hayakupata njia, mvuke ukapiga mbinja kwenye kilango chake, Yohana akajificha nyuma ya mlango.

"Kitu hiki kinataka kutuua," alisema kutoka huko, "na mimi sijatubu wiki hii."

Siku ya kwanza ikaisha hivyo. Siku ya pili nilipepeta, nikapima, nikashindilia, nikamwaga, huku mvua ikipiga bati na wafanyakazi wakirudi kambini wamelowa, mikono imechanika kwa miiba ya mkonge. Magharibi mashine ikakubali: mafunda matatu ya kahawa nyeusi, chungu, yenye harufu ya kuungua kidogo.

Yohana akaonja. "Ni kahawa iliyokasirika," alisema.

Nilifurahi sana.

Alfajiri ya siku ya tatu nilifika Korogwe ya zamani. Mto Pangani ulikuwa umejaa maji mekundu, na mwenye mtumbwi alingoja gogo kubwa lipite kwanza. Akalitazama sanduku langu.

"Dawa hiyo?"

"Kahawa. Nampelekea mgonjwa."

"Mgonjwa wa namna gani huyo," alisema, akashika upondo.

Kutoka hapo njia ni pori na tope. Nilitembea kutwa nzima, sanduku likinichoma bega.

Jioni, katika kijiji cha Sindeni, nilipokewa na mama mmoja mjane aliyekuwa na dele lake juu ya makaa tangu mchana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. U wa nani?"

Nikamtaja baba. Akanyamaza. Akanimiminia kikombe cha pili kabla sijamaliza cha kwanza.

"Kuna watu wamepita kutoka Handeni leo?" nikauliza.

"Watu hupita kila siku. Kunywa. Kesho una mwendo."

Mwaka ule nilikuwa siamini neno la mtu bila ushahidi. Ukimya wa yule mama niliuamini papo hapo.

Handeni niliingia mchana wa siku ya nne. Nje ya nyumba yetu mikeka ilikuwa imetandikwa, na dele kubwa lilikuwa mekoni. Katika matanga ya kwetu dele haliepuliwi siku tatu. Maji yanaongezwa, kahawa inaongezwa, na kila ajaye hukuta kikombe chake.

"Jana alfajiri," alisema Mwanahawa. "Tulimzika adhuhuri."

Nikahesabu. Ningeondoka siku ya barua, ningemkuta hai, na usiku mzima ungebaki.

Mtani wetu, Mnyamwezi aliyewahi kubeba mizigo ya misafara, alianza kazi yake ya utani wa msibani. "Mzungu wetu huyo, amekuja na garimoshi lake. Liwashe basi, pengine marehemu atashtuka."

Watu wakacheka, nami nikaliwasha. Sijui kwa nini. Ilitoka vizuri kuliko siku zote: kikombe kimoja, na waliokaa mikekani walikuwa kama arobaini. Mtani akakichukua, akakigeuza mdomoni, akatazama ndani.

"Imekwisha," alisema. "Mimi nilikuwa bado sijaanza kulia."

Safari hii hakuna aliyecheka. Nikazima taa.

Baadaye nilikaa na dada karibu na meko. "Alitaka kuiona mpaka mwisho?" nikauliza.

"Kahawa? Baba hakuwa na haja nayo. Mimi nilitaka kuandika, njoo, baba anakuita. Akanikataza. Alisema, 'Huyo ukimwambia njoo, atauliza kwa nini. Mwambie sisadiki. Atakuja mbio.'"

"Nilikuwa naijaribu," nikasema. "Siku mbili."

Aliongeza maji katika dele, akaenda kuwamiminia wageni.

Matanga yalipoanuliwa nikarudi kwa njia ileile. Waliniambia siku yake ilikuwa imefika. Nililichunguza neno hilo tangu Sindeni hadi mtoni, na silikubali. Baba alinijua kiasi cha kunitegea chambo cha ubishi wangu. Hakujua tu kwamba mbishi huchelewa kwa kutafuta ushahidi. Sikuwa na la kumthibitishia. Ningefika mikono mitupu, tukakaa, dele likachemka.

Ngombezi nilimkuta Yohana akichuja kahawa ya bwana shamba. Alilitazama sanduku.

"Mzee alisemaje?"

"Alisema hasadiki."