Karatasi ya Sitini na Tano

Krr, krr, krr. Penseli moja inakwaruza, nyingine zote zimelala.

Ni Ijumaa, saa tatu asubuhi, darasa la tatu. Mwalimu wanayemwita Mama Imla anashusha orodha yake na kutega sikio. Mkwaruzo unakatika.

"Nani anaandika?"

Darasa lina watoto sitini na wanne, watatu kwa dawati. Mama Imla amewagawa makundi manne, kila kundi na maneno ya kiwango chake. Husoma kwa zamu: neno la kundi la kwanza, la pili, la tatu, la nne, kisha anarudi mwanzo. Mtoto huandika la kundi lake tu. Alama za Ijumaa humpandisha au kumshusha. Kazi hii ameifanya miaka kumi na tisa, na anayeiona nyepesi aje aishike wiki moja.

Lakini tangu muhula uanze, kila Ijumaa anakusanya karatasi sitini na tano.

Ya ziada haina jina. Maneno ni ya kundi la nne, kumi kwa kumi. Herufi ni za mviringo, zimejaa kama punje. Mwandiko huo anaujua. Mwenyewe, mwanafunzi wa kundi la nne, alifariki kwa homa wakati wa likizo, na jina lake Mama Imla alilikata orodhani kwa mkono wake.

"Siku ya kwanza nilidhani nimechanganya na za zamani," anasema. "Ya pili, sikulala."

Mwalimu mkuu msaidizi humtania: "Mama Imla, hesabu imekushinda, au unafundisha na wasioonekana?"

Kwa jambo jingine hatanii. Binti wa dawati la dirishani ameporomoka kutoka kundi la tatu hadi la kwanza. Jumatatu anarudishwa darasa la pili.

Leo Mama Imla anabadili mtindo. Anavua viatu, anasimama nyuma ya darasa, na anasoma maneno ya kundi la nne peke yake, moja baada ya jingine. Kundi la kwanza halina la kuandika.

Krr, krr.

Binti wa dirishani ameinama. Chini ya karatasi yake imechomoza nyingine, na herufi za mviringo zinatoka mkononi mwake, polepole mno. Ndiyo maana maneno yake mwenyewe humpita.

Watoto wanapotoka kucheza, anamketisha.

"Unamwandikia mwenzio?"

"Ndiyo, mwalimu. Tulikuwa tunakaa wote hapa."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Asipoandika mtamtoa kundi la nne." Anatazama nafasi tupu kando yake. "Nikisahau ananigusa kiwiko."

Mama Imla anaitazama nafasi ile. Hakai hapo. Anachuchumaa.

"Mimi ndiye niliyekosea. Nilikuwa nakushusha bila kukuuliza. Sasa nisikilize. Jumatatu hutarudi darasa la pili, nitasimama mlangoni kwa mkuu mpaka aelewe. Wewe andika yako tu."

"Na yake?"

"Niachie mimi. Kila Ijumaa, mpaka muhula uishe, nitamwandikia mimi."